Chupa za tezi dume mlangoni mwa msikiti

KILA Ijumaa, imamu akishatoa salamu na watu wakaanza kutafuta viatu vyao, nje ya uzio wa misikiti mingi ya miji yetu hutandikwa mikeka na kupangwa meza ndogo. Juu yake utakuta miswaki, udi, kofia, asali, mafuta ya habat sauda, na kwa miaka ya karibuni, chupa nyeupe za vidonge zenye picha ya mzee anayetabasamu. Muuzaji ana kipaza sauti kidogo cha betri. Husoma aya, hutaja hadithi, kisha huanza kuhesabu dalili: kuamka usiku mara nne, mkojo kukatikakatika, kiuno kuuma. Yote hayo, husema, ni tezi dume, na kwa chupa tatu mzee atakuwa amepona bila kisu na bila foleni ya hospitali.

Sisi wa kamati ya msikiti tulilazimika kulitazama jambo hili kwa makini pale mmoja wa wauzaji hao alipotuandikia barua. Aliomba apewe dakika kumi baada ya sala ya Ijumaa, ndani ya msikiti, azungumze na wazee juu ya virutubisho vyake vya mitishamba. Aliahidi kwamba sehemu ya mauzo ingeingia katika mfuko wa paa. Paa letu linavuja. Kila anayesali upande wa kushoto wakati wa masika analijua hilo. Kwa hiyo barua ile haikuwa nyepesi. Tuliona kwamba kabla ya kujibu ni wajibu wetu kuuliza chupa hizi zina nini ndani yake, na zinafanya nini. Tuliyoyapata kwa madaktari tuliowaendea, na katika tafiti zilizochapishwa, ndiyo tunayoyaweka mbele ya wasomaji.

Tezi dume ni kiungo kidogo kilicho chini ya kibofu cha mkojo cha mwanamume. Kwa kijana haizidi ndimu ndogo, na uzito wake ni kiasi cha gramu 20. Kazi yake ni kutoa sehemu ya maji yanayobeba mbegu za uzazi. Mrija wa mkojo hupita katikati yake, na hapo ndipo penye taabu, kwani tezi ikikua mrija hubanwa mithili ya mpira wa kumwagilia bustani uliokanyagwa. Kukua huko huja na umri. Karibu nusu ya wanaume wenye miaka 51 hadi 60 wanako, na kwa waliovuka 80 ni kama tisa katika kila kumi, ingawa si wote wanaosumbuliwa. Ukuaji huu si saratani wala haugeuki kuwa saratani. Saratani ya tezi dume ni maradhi mengine yanayotokea katika kiungo hichohicho, na tutayarudia, kwa sababu katika kuyachanganya mawili haya ndimo wazee wetu wanamoangamia.

Anayedhani kwamba hili ni jambo la kukosa usingizi tu hajakaa na wazee msikitini. Tunao watu waliosali safu ya kwanza kwa miaka thelathini ambao sasa utawaona safu ya mwisho, karibu na mlango wa kwenda chooni. Wengine wameacha kuja sala ya Isha na Alfajiri. Mwezi wa Ramadhani wapo wanaokunywa bilauri moja tu ya maji kuanzia futari hadi daku ili waweze kusimama tarawehe. Wapo waliotimiza mali ya hija na hawaendi, wakihofia saa nyingi za basi kati ya Makka na Madina. Hawasemi sababu. Utasikia tu, "Magoti yananisumbua, mwanangu."

Kwa hawa, kabla ya dawa ya aina yoyote, ipo nafuu ya sheria ambayo wengi wao hawakufundishwa. Mwenye kutokwa na mkojo mfululizo bila uwezo wa kuuzuia hakufukuzwa katika ibada. Kwa madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu katika pwani hii, hungoja wakati wa sala uingie, akajisafisha, akaweka pamba au kitambaa, akatawadha, kisha akasali bila kuchelewa. Kitakachomtoka baada ya hapo kimesamehewa. Ikija faradhi nyingine hutawadha upya, na sunna husali azitakazo kwa udhu uleule. Ama yule ambaye humdondoka matone machache kwa dakika kadhaa baada ya haja ndogo kisha yakakatika, huyo hayumo katika hukumu hiyo: angoje yakatike, ajisafishe, ndipo atawadhe. Tumeona wazee wakiosha na kurudia udhu mara tano kwa sala moja hadi jamaa ikawapita, na hakuna aliyewaambia kwamba dini haikuwataka hivyo.

Tuje sasa kwenye chupa. Tulikusanya kadhaa na kusoma maandishi yake. Jina linalojirudia kuliko yote ni saw palmetto, mmea mfupi wa jamii ya mitende uotao Florida na majimbo jirani ya kusini mashariki ya Marekani, ambao wataalamu huuita Serenoa repens. Matunda yake hukamuliwa mafuta yanayotiwa katika vidonge. Bahati nzuri, mmea huu umepimwa sana. Mwaka 2006 jarida la tiba la New England lilichapisha utafiti wa wanaume 225 waliogawanywa makundi mawili, moja likipewa dawa hiyo na jingine vidonge vitupu vinavyofanana nayo, kwa mwaka mzima. Haikuonekana tofauti. Watu wakasema kipimo kilikuwa kidogo. Basi ukafanywa mwingine, uliochapishwa mwaka 2011, wa wanaume 369, wakaongezewa dozi hadi mara tatu ya ile ya kawaida, kwa wiki 72. Haikuonekana tofauti pia.

Katika utafiti huo wa pili lipo jambo linalostahili kutuliwa. Makundi yote mawili yalipata nafuu. Waliomeza mafuta ya mmea, alama zao za usumbufu zilishuka kwa kiasi cha 2.2, na waliomeza vidonge vitupu zilishuka kwa kiasi cha 3. Maana yake ni kwamba maradhi haya yana kupanda na kushuka kwake yenyewe, na mtu aliyeanza kutumia kitu kwa matumaini huona wepesi hata kama kitu chenyewe ni unga mtupu. Hivyo mzee anaposimama mbele ya meza ya muuzaji na kushuhudia kwamba amepata nafuu, hatumwiti mwongo. Huenda anasema kweli tupu. Ila ushahidi wake hautoshi kutuambia kwamba nafuu ile imetoka chupani.

Mmea wa pili una habari tofauti, na unatuhusu kwa karibu zaidi, kwa kuwa ni mti wa kwetu. Katika vitabu vya misitu huitwa mueri, na Wachaga wa Kilimanjaro huuita mkondekonde. Jina lake la kitaalamu ni Prunus africana. Huota katika misitu ya milima ya Afrika, kuanzia Kameruni hadi Kenya na kwetu, na Madagaska pia. Magome yake yametumiwa na waganga wa jadi tangu zamani. Katika miaka ya 1960 Mfaransa Jacques Debat alichukua hati ya kumiliki ubunifu wa dawa iliyotokana na magome hayo kwa ajili ya tezi dume, na tangu hapo magome yakawa yanasafirishwa kwa tani kwenda Ulaya, na kurudi yakiwa vidonge kwa bei ambayo mwenye msitu haimudu. Miti ilibanduliwa magome pande zote, ikafa ikiwa imesimama. Mwaka 1995 ikabidi mti huu uingizwe katika orodha ya pili ya mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, ili usafirishaji wake uwe wa vibali.

Je, unafaa? Mwaka 2002 wataalamu wa mtandao wa Cochrane walikusanya majaribio 18 yenye wanaume 1,562. Waliotumia dawa ya magome haya walielekea kusema wamepata nafuu zaidi ya mara mbili ya waliopewa vidonge vitupu, kuamka usiku kulipungua kwa kiasi cha asilimia 19, na kasi ya mkojo iliongezeka kwa asilimia 23. Hilo si dogo, na ni haki kulisema. Lakini majaribio yenyewe yalikuwa madogo na ya muda mfupi, mengi ya miezi miwili au minne, na dawa ilitengenezwa kwa njia mbalimbali. Aliyeamka mara tano ataamka mara nne. Tezi yenyewe haijaonyeshwa kunywea. Na kati ya dawa iliyopimwa katika majaribio yale na unga wa gome uliosagwa nyuma ya nyumba ya mtu, hakuna anayeweza kuapa kwamba ni kitu kimoja.

Mbegu za maboga hatuna ugomvi nazo. Zikaangwe, ziliwe, ni chakula chema. Mlonge vilevile. Ama vidonge vya vitamini E, ambavyo huuzwa kama kinga ya tezi, hapo tunasema waziwazi: viachwe. Jaribio kubwa lililohusisha wanaume zaidi ya 35,000 wa Marekani na Kanada lilionyesha mwaka 2011 kwamba waliopewa vitamini E kwa dozi kubwa walipata saratani ya tezi dume zaidi ya wenzao kwa asilimia 17. Waliyatafuta mafuta ya kinga wakapata kinyume chake.

Inabaki habat sauda, na hapa tunajua kwamba tunaingia penye hisia. Hadithi ya habat sauda ni sahihi, imo katika Bukhari na Muslim, na inaeleza kwamba ndani yake mna ponyo la kila maradhi isipokuwa mauti. Hakuna Mwislamu anayeikataa. Lakini wanavyuoni hawakuisoma kama anavyoisoma mwenye meza. Khattabi, aliyeishi zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, alieleza kwamba tamko hilo ni la jumla lililokusudiwa mahususi, yaani maradhi ambayo tabia ya punje hiyo inayakabili. Wafafanuzi wakaongeza kwamba yapo maradhi ambayo hutumika peke yake na mengine ambayo huchanganywa, na kwamba kujua kipimo na namna ni kazi ya mwenye elimu ya tiba. Kwa hiyo, kumwambia mzee kwamba akikataa chupa hii ameikataa sunna ni kumtwisha Mtume (S.A.W.) ahadi ambayo hakuitoa juu ya bidhaa ambayo hakuiona.

Tena sunna ina upande wa pili ambao kipaza sauti hakiutaji. Imepokewa kwa Abu Daud kwamba Saad bin Abi Waqqas alipougua, Mtume (S.A.W.) alikwenda kumzuru, akamwelekeza kwa Harith bin Kalada wa kabila la Thaqif kwa kuwa alikuwa mtu ajuaye tiba. Na imepokewa pia kwamba anayejitia kutibu watu ilhali hajulikani kwa elimu hiyo, basi madhara yatakayotokea ni juu yake, atayalipa. Mafakihi wakaijengea hukumu hiyo milango mizima ya dhamana. Tungependa wauzaji wetu, ambao ni ndugu zetu na wengi wao ni watu wa safu za mbele, waisome hadithi hiyo pamoja na ile wanayoinukuu.

Wapo watakaosema: kama hazifai, hazidhuru, si mitishamba tu? Jibu lake tumelipata Marekani, nchi ambayo watu hudhani kila kitu chake kimekaguliwa. Tangu sheria ya mwaka 1994, virutubisho huko huuzwa bila kuthibitishwa kwanza na serikali kwamba vinafanya kazi. Ilitoka dawa iliyoitwa PC-SPES, mchanganyiko wa mimea minane, wengi wao wa Kichina, ikatumiwa sana na wenye saratani ya tezi dume. Wengine walipata nafuu kweli. Mwaka 2002 ikaondolewa sokoni, baada ya maabara kukuta ndani yake dawa za viwandani ambazo hazikuandikwa popote: warfarini inayozuia damu kuganda, homoni ya kike iliyotengenezwa kiwandani, na indometasini ya maumivu. Mitishamba ilikuwa pazia. Hata leo mamlaka ya dawa ya nchi hiyo hutoa maonyo mara kwa mara juu ya vidonge vya "nguvu za kiume" vinavyokutwa na sildenafili ya siri. Na mzee anayetumia dawa za moyo za jamii ya naitreti akimeza hiyo bila kujua, presha yake yaweza kuanguka ghafla na kumuua. Mtume (S.A.W.) alipotia mkono katika rundo la nafaka sokoni, vidole vyake vikakuta maji chini, hakuridhika na ukavu wa juu. Chupa iliyofungwa ndiyo zaidi ya kutiliwa mkono.

Madhara makubwa, hata hivyo, si ya kilichomo chupani. Ni ya muda unaopotea. Mzee mmoja wa jamaa yetu alitumia chupa hizi mwaka na nusu, kila mara akiambiwa aongeze moja. Usiku mmoja mkojo ukaziba kabisa. Alifikishwa hospitali alfajiri, tumbo limevimba na yeye analia kama mtoto, akawekewa mpira. Walipompima, figo zilikuwa zimeshaanza kuumia kwa shinikizo la mkojo lililodumu muda mrefu. Laiti angefika mapema, zipo dawa zilizopimwa: moja, kama tamsulosini, hulegeza misuli ya njia ya mkojo na huonekana kazi yake katika siku chache, nyingine, finasteridi, hunywesha tezi yenyewe taratibu, na hutaka subira ya miezi sita. Na kwa waliozidiwa, tezi hupunguzwa kwa kifaa kinachopitishwa kwenye mrija bila kupasua tumbo. Hata visababishi vidogo vingetajwa, kwa mfano vidonge vya mafua na vile vya mzio ambavyo wengi huviita Piriton, vinavyoweza kumzibia kabisa mkojo mtu ambaye tezi yake imekwisha kukua.

Saratani ni hatari zaidi kwa sababu mwanzoni haina kelele. Mara nyingi huanzia upande wa nje wa tezi, mbali na mrija, kwa hiyo mtu hukojoa vizuri huku maradhi yanakwenda. Hupenda kuhamia mifupani, na dalili ya kwanza kwa wengi ni maumivu ya mgongo au nyonga yasiyopoa. Watu wenye asili ya Afrika wamo katika wanaopatwa zaidi. Mzee anayetulizwa na vidonge vya mitishamba, akihesabu tu mara alizoamka usiku, hawezi kujua lipi kati ya mawili analo. Hata mti wetu wa mkondekonde, pamoja na mema yake, haujaonyeshwa kutibu saratani.

Kujua kunahitaji kipimo cha damu kiitwacho PSA, na mara nyingine daktari kuipapasa tezi kwa kidole kupitia njia ya haja kubwa. Hapa ndipo wengi hukwama, na tusijifanye hatujui kwa nini. Haya ni katika imani. Lakini mafakihi wa madhehebu yote wamekubali kwamba uchi hutazamwa na kuguswa na mganga kwa haja ya matibabu, kwa kiasi cha haja hiyo na si zaidi, na mwanamume akitangulizwa kumtibu mwanamume. Mgonjwa ana haki ya kuomba daktari wa kiume, na kuomba pazia. Kipimo chenyewe ni cha sekunde chache, na wengi hutangulia na kile cha damu peke yake. Anayetumia finasteridi amwambie daktari, kwa kuwa dawa hiyo hushusha hesabu ya PSA karibu nusu na inaweza kulificha jambo.

Kwa kuwa ukurasa huu ni wa familia, tuseme neno kwa mama zetu. Mke ndiye anayejua mume ameamka mara ngapi, na ndiye anayefua. Mara nyingi ameona miaka miwili kabla ya mtoto yeyote. Mama asingoje kuulizwa. Na kijana asianze kwa kumwambia mzazi "una tezi dume wewe", amsalimie, akae, amwambie, "Baba, nakwenda kupima presha Jumamosi, nataka twende sote." Wakifika, mengine daktari atayauliza.

Barua ya muuzaji tuliijibu baada ya vikao viwili, na hatukuafikiana sote kwa urahisi. Mmoja wetu alikumbusha paa. Mwingine alikumbusha kwamba kuuza na kununua ndani ya msikiti kumekatazwa kwa hadithi iliyopokewa na Tirmidhi, na kwamba tangazo la bidhaa baada ya khutba ni mauzo hata kama pesa zinapokelewa nje. Hilo ndilo lililoshinda. Tulimjibu kwa heshima kwamba kipaza sauti cha msikiti hakitatangaza dawa yoyote, na mchango wenye sharti hilo hatutaupokea. Meza yake nje ya uzio hatukuigusa; si mamlaka yetu. Tulimwomba tu atuonyeshe namba ya usajili kutoka Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2002, na aache kuwaambia wazee wasiende hospitali. Namba hadi tunapoandika haya haijaletwa. La pili amelitekeleza, angalau tukiwa tunasikiliza.

Tiba ya asili hatuidharau. Muhimbili ipo taasisi ya tiba asili tangu mwaka 1974, inayochunguza mimea yetu kwa njia za maabara, na tunatamani kazi yake ijulikane zaidi kuliko vipaza sauti vya barabarani. Tunachowaomba wazee wetu ni kwamba anayetumia chupa yoyote asiifiche. Aitie mfukoni, aende nayo kwa daktari siku ya kupima, aiweke mezani pamoja na vidonge vyake vya presha na sukari. Na ikiwa mkojo umeziba kabisa, au una damu, au homa imeingia pamoja nao, asingoje siku hiyo. Aende usiku huohuo, na udhu atautengeneza hukohuko.